ERIS: MUNGU WA FITINA NA GIMBA LA BARAFU LILILO MBALI

Ndugu msomaji, kama ulijifunza habari za anga katika darasa la kisomo, au ulisoma shule zamani kidogo, ulifundishwa kwamba sayari zinazolizunguka Jua ni tisa. Ya tisa, iliyo mbali kuliko zote, ilikuwa Pluto. Leo mtoto anarudi kutoka shule anasema sayari ni nane. Wewe unasema tisa. Yeye anasema mwalimu kasema nane. Je, nani anasema kweli?

Wote wawili mlifundishwa vizuri. Tatizo ni kwamba katikati hapo, mwaka 2005, kilipatikana kitu kingine huko mbali, nacho kikawagombanisha wataalamu wa nyota wa dunia nzima. Kitu hicho sasa kinaitwa Eris. Jina hilo ni la Kigiriki, na maana yake ni ugomvi, au fitina. Leo tutaeleza habari za Eris wawili. Mmoja ni gimba la barafu. Mwingine ni mungu wa kike ambaye Wagiriki wa zamani walimsimulia katika hadithi zao.

ERIS IKO WAPI?

Eris ni gimba la mviringo lenye mawe ndani na barafu juu. Linalizunguka Jua kama Dunia yetu inavyolizunguka. Lakini liko mbali mno. Kutoka hapa duniani mpaka Jua ni kilomita milioni 150. Kutoka Jua mpaka Eris, kwa miaka hii yetu, ni mara 96 ya umbali huo. Hizo ni kilomita zaidi ya bilioni 14, na bilioni moja ni milioni elfu moja.

Namba kubwa namna hii haziingii kichwani upesi. Basi tufanye hivi. Chukua punje moja ya mahindi, uiweke chini kwenye mstari wa goli katika uwanja wa mpira. Punje hiyo ndiyo Jua. Sasa piga hatua moja kubwa, ya mita moja. Hapo ndipo Dunia ilipo, na kwa kipimo hicho Dunia yote, pamoja na milima na bahari zake, ni chembe ya vumbi utakayoiona kwa shida. Endelea kutembea. Hatua ya tano unafika Mshtarii, sayari kubwa kuliko zote. Kabla hujatimiza hatua ya kumi umefika Zohali. Hatua ya kumi na tisa ni Urano. Hatua ya thelathini ni Neptuni, na hapo sayari kubwa zimekwisha. Lakini angalia, bado hujafika hata katikati ya uwanja! Tembea tu. Vuka mstari wa katikati, pita wachezaji wote, mpaka ukaribie goli la upande wa pili. Hatua ya 96, simama. Hapo ndipo Eris ilipo. Usihangaike kuitafuta chini, maana kwa kipimo chetu ni ndogo kuliko chembe ya unga.

Geuka nyuma uitazame ile punje ya mahindi. Hivyo ndivyo Jua lingeonekana kwa mtu aliyesimama Eris: kinukta tu. Kingekuwa kinukta kikali, kinachong'aa kuliko mbalamwezi yetu mara arobaini hivi, lakini joto lake huko ni kama hakuna.

Mwanga hukimbia kuliko kitu chochote. Kutoka Jua mpaka kwetu unatumia dakika 8 na kidogo. Mwanga unaotoka kwenye Jua saa 12 asubuhi utafika Eris saa 1 na dakika 20 usiku. Siku nzima ya kazi imepita, watu wameshakoga na kula, na mwanga ndio kwanza unafika.

Sisi tunalizunguka Jua kwa siku 365. Eris inatumia miaka karibu 560. Mara ya mwisho ilipokuwa mahali hapa ilipo sasa, Vasco da Gama alikuwa bado hajafika Malindi, maana alifika mwaka 1498. Tena njia yake si ya duara. Imerefuka kama yai. Wakati mwingine Eris inalikaribia Jua mpaka kama hatua 38 za uwanja wetu, kisha inatoka tena mpaka hatua karibu 98. Katika miaka ya 1970 ilikuwa imefika mbali kabisa, na sasa imeanza kurudi pole pole. Itakuwa karibu na Jua kati ya mwaka 2250 na 2260, na watakaoiona wakati huo ni vitukuu vya vitukuu vyetu.

BARIDI YAKE NA GESI YA SAMADI

Friza ya dukani inayogandisha samaki wakawa kama mawe hufikia nyuzi 18 hivi chini ya sifuri. Huko Eris ni nyuzi kama 240 chini ya sifuri. Kwa baridi hiyo hata vitu tuvijuavyo kama hewa vinaganda.

Kitu kilichoifunika Eris juu ni gesi iitwayo methani. Usidhani ni kitu cha ajabu. Wale ndugu waliojenga mitambo ya gesi ya samadi, wakaweka kinyesi cha ng'ombe katika shimo na kupata moto wa kupikia, methani ndiyo wanayowasha kila siku. Hapa kwetu haionekani kwa macho, ni kama upepo. Huko Eris imeganda na kuwa kama umande mweupe uliotanda kila mahali. Weupe huo ni wa kupita kiasi. Mwanga wa Jua ukiipiga Eris, karibu wote unarudishwa, sehemu kama 96 katika kila 100. Ukuta uliopakwa chokaa jana haufikii hapo.

Wataalamu wanadhani kwamba Eris inapolikaribia Jua, sehemu ya umande huo hubadilika ikawa hewa nyembamba. Kisha ikienda mbali tena, hewa hiyo huganda na kuanguka chini, ikaipaka Eris chokaa mpya. Mvua yao basi ni moja kwa miaka 560, tena ni mvua ya gesi iliyoganda!

ILIVYOPATIKANA

Watu wengi hufikiri mtaalamu wa nyota hukaa usiku kucha na jicho lake kwenye darubini, mara akapiga kelele, "Nimeiona!" Kwa Eris haikuwa hivyo. Picha zake zilipigwa usiku wa tarehe 21 Oktoba 1903? La, si zamani hivyo. Ilikuwa 2003, katika mlima Palomar, jimbo la California, Marekani. Darubini ilipiga picha tatu za sehemu ile ile ya mbingu, zikapishana muda wa saa moja na nusu hivi. Kazi ya mashine ya kompyuta ilikuwa kuzilinganisha. Nyota za kawaida haziondoki mahali pake. Kitu kilicho karibu na Jua letu kitaonekana kimesogea kidogo kati ya picha na picha.

Lakini kompyuta ilikuwa imeagizwa isihangaike na vitu vinavyokwenda pole pole sana, kwa sababu vingi vya namna hiyo huwa ni dosari za picha tu. Eris, kwa vile iko mbali, mwendo wake huonekana wa pole pole mno. Ikapitwa. Picha zikawekwa kabatini, kama tunavyosema.

Baadaye kundi hilo hilo likapata gimba jingine la mbali lililoitwa Sedna, nalo pia lilikuwa na mwendo wa kobe. Hapo wakafahamu kwamba huenda wameacha mengine. Wakazirudia picha za zamani. Tarehe 5 Januari 2005, Mike Brown wa Chuo cha Teknolojia cha California, pamoja na wenzake Chad Trujillo na David Rabinowitz, wakaiona Eris. Ilikuwa imekaa katika picha zao zaidi ya mwaka mmoja.

Hawakutangaza mara moja. Walitaka kwanza wachunguze vizuri. Lakini mwezi Julai mwaka huo wataalamu wa Hispania walitangaza gimba jingine, ambalo kundi la Brown nalo lilikuwa likilichunguza kimya kimya. Ukazuka mzozo wa nani ni mvumbuzi wa haki wa gimba lile. Brown akaona hatari ya kupokonywa na Eris pia, akaitangaza haraka haraka tarehe 29 Julai 2005. Mnaona, ndugu? Gimba lenyewe lilikuwa halijapewa jina la ugomvi, na ugomvi umeshaanza.

Wakati huo wenyewe walikuwa wakiita Xena, jina la utani walilolitoa katika mchezo wa televisheni wa mwanamke shujaa mwenye upanga.

KESI YA PLUTO

Sasa tuje kwenye kesi yenyewe. Vipimo vya mwanzo vilionyesha kwamba gimba hili jipya ni kubwa kuliko Pluto. Hapo kukawa na swali gumu. Kama Pluto ni sayari, na hiki kitu ni kikubwa kuliko Pluto, basi nacho ni sayari, ya kumi. Na kesho yakipatikana mengine ishirini namna hiyo, yote yatakuwa sayari? Na kama hiki si sayari, Pluto imekuwaje sayari?

Kabla ya kuendelea, tumkumbuke mtu aliyeipata Pluto. Aliitwa Clyde Tombaugh, kijana aliyekulia shambani Kansas, Marekani. Mvua ya mawe iliharibu mazao ya baba yake, na fedha za kumpeleka chuo kikuu zikapotea pamoja na mazao. Yeye akajitengenezea darubini kwa vipande vya gari kuukuu na mashine za shambani. Akachora alivyoziona sayari, akatuma michoro yake kwa wataalamu huko Flagstaff, Arizona, nao wakamwajiri. Kazi yake ilikuwa kulinganisha picha mbili mbili za mbingu, nyota kwa nyota, kwa miezi mingi. Tarehe 18 Februari 1930, akiwa na umri wa miaka 24, aliipata Pluto. Hiyo ndiyo sayari ambayo sasa ilitaka kuvuliwa cheo. Tombaugh mwenyewe alikuwa amekwisha kufariki, mwaka 1997.

Mwezi Agosti 2006 Umoja wa Kimataifa wa Wataalamu wa Nyota ulikutana mjini Prague, katika nchi ya Cheki. Pendekezo la kwanza lililoletwa lingeongeza sayari, zikawa kumi na mbili. Watu wakapinga. Wakabishana siku kadhaa. Mwisho, tarehe 24 Agosti, walipiga kura kwa kunyanyua kadi za rangi ya manjano. Wakakubaliana kwamba sayari ni lazima itimize mambo matatu. La kwanza, ilizunguke Jua. La pili, iwe na uzito wa kutosha kujifinyanga ikawa mviringo. La tatu, iwe imeisafisha njia yake.

Hilo la tatu ndilo lililoiangusha Pluto. Maana yake ni hii: sayari ni kama fahali mkubwa katika njia ya malisho. Vidogo vyote vilivyokuwa njiani mwake ama amevisukuma, ama amevimeza, ama vinamfuata. Pluto haikufanya hivyo. Inapita katika eneo lililojaa maelfu ya vipande vya barafu, nayo ni mmoja wao tu. Eris ni hivyo hivyo. Basi zote mbili zikaitwa sayari kibete, pamoja na Ceres, ambayo iko kati ya Mirihi na Mshtarii. Mwaka 2008 zikaongezwa Makemake na Haumea. Hizo tano ndizo zinazotambuliwa rasmi.

Je, kesi ilihukumiwa kwa haki? Wengine walisema hapana. Umoja ule ulikuwa na wanachama maelfu, lakini waliokuwamo ukumbini siku ya kura hawakuzidi mia nne na kitu. Wengi walikuwa wamekwisha kurudi makwao. Alan Stern, mkuu wa kazi ya chombo cha New Horizons kilichokuwa safarini kwenda Pluto, alipinga kwa nguvu. Alisema hata njia ya Dunia yetu haijasafika kabisa, maana kuna mawe mengi yanayoikatiza. Mwaka 2007 wabunge wa jimbo la New Mexico, ambako Tombaugh aliishi miaka mingi, walipitisha azimio la kuiheshimu Pluto kama sayari. Fikiri, ndugu msomaji, wabunge wanajadili sayari!

Mimi naona hivi. Kura haiwezi kubadilisha kitu chochote huko juu. Pluto haijapungua hata kilo moja kwa kuitwa kibete. Kilichobadilishwa ni mafungu yetu sisi, kama vile mkulima anavyoamua muhogo upi ni wa kuuza na upi ni wa kula. Lakini mafungu hayo yanaingia katika vitabu vya shule na katika mitihani, kwa hiyo watu wana haki ya kuuliza nani aliyapanga na kwa sababu gani. Na kwa mtihani, jibu ni nane.

ERIS WA WAGIRIKI

Baada ya makelele yote hayo, Brown alipendekeza jina la Eris, na mwezi Septemba 2006 likakubaliwa. Lilikuwa jina la haki kabisa. Sikiliza hadithi yenyewe.

Wagiriki wa zamani walikuwa na miungu mingi, wake kwa waume, na miungu hiyo iligombana, ikaoneana wivu na kudanganyana kama watu. Eris alikuwa mungu wa kike wa ugomvi. Mama yake alikuwa Usiku. Mshairi wao mkubwa Homer anamweleza kuwa huanza akiwa mdogo, halafu hukua mpaka kichwa chake kinagusa mbingu huku miguu ikiwa chini. Anayejua jinsi vita vya vijiji viwili vinavyoweza kuanza kwa mbuzi mmoja aliyekula mahindi, hana haja ya kuelezwa zaidi.

Siku moja kukawa na arusi. Bwana arusi alikuwa mfalme Peleus. Bibi arusi alikuwa Thetis, mungu wa kike wa baharini. Miungu yote ilialikwa, isipokuwa Eris peke yake. Ni jambo la kueleweka, nani atamwalika Fitina kwenye arusi yake? Lakini Eris alikuja hivyo hivyo. Hakuja na panga wala matusi. Alitupa tunda moja tu katikati ya wageni. Lilikuwa tofaa la dhahabu, nalo limeandikwa kwamba ni la yule aliye mzuri kuliko wote.

Wakasimama wanawake watatu, kila mmoja anasema ni lake. Wa kwanza ni Hera, mke wa Zeus, mkuu wa miungu. Wa pili ni Athena, mwenye akili na ustadi wa vita, ambaye ni binti wa Zeus. Wa tatu ni Aphrodite, mungu wa mapenzi. Wakamwendea Zeus awaamue. Zeus, ingawa alikuwa na radi mkononi, hakuwa mjinga. Upande huu mke, upande huu binti! Akajitoa. Akaipeleka kesi kwa kijana mmoja mchungaji, huko mlima Ida. Kijana huyo aliitwa Paris, naye kumbe alikuwa mtoto wa Priam, mfalme wa mji wa Troy.

Hapo ndipo jambo lilipoharibika hasa, maana hakuna hata mmoja wa wale watatu aliyetaka kushinda kwa uzuri wake tu. Kila mmoja alikuja na rushwa. Hera aliahidi ufalme wa nchi kubwa. Athena aliahidi hekima na ushindi vitani. Aphrodite aliahidi kumpa mwanamke mzuri kuliko wote duniani. Paris alikuwa kijana. Akampa Aphrodite tofaa. Lakini mwanamke huyo, Helen, alikuwa mke wa mtu. Mumewe alikuwa Menelaus, mfalme wa Sparta. Paris akaenda Sparta kama mgeni, akapokewa vizuri, akala chakula cha mwenyeji, na alipoondoka akaondoka na Helen.

Menelaus na ndugu yake Agamemnon wakakusanya wafalme wa Ugiriki, wakavuka bahari na merikebu zao. Vita vya Troy, kwa hadithi, vilidumu miaka kumi. Mwisho mji ulichomwa moto, wanaume wakauawa, wanawake na watoto wakachukuliwa utumwa. Na wale maarusi wa siku ile? Peleus na Thetis walipata mtoto, Achilles, shujaa mkubwa kuliko wote wa Wagiriki. Alikufa katika vita hivyo hivyo vilivyoanzia kwenye arusi ya wazazi wake. Eris mwenyewe hakupigana kwa ajili ya tofaa. Alilitupa tu.

Hiyo ni hadithi. Lakini mahali penyewe pako. Mabaki ya mji ambao wataalamu wengi wanasema ndio Troy yako katika nchi ya Uturuki, mahali paitwapo Hisarlik. Yamekuwa yakichimbwa tangu miaka ya 1870, na imeonekana kwamba miji mingi ilijengwa pale, mmoja juu ya magofu ya mwingine.

ERIS WA MKULIMA

Wataalamu wanapoeleza jina la Eris huishia kwenye tofaa. Wanamsahau Hesiod, nami naona yeye ndiye anayetuhusu zaidi. Hesiod aliishi Ugiriki karibu miaka 2,700 iliyopita. Alikuwa mkulima katika kijiji cha Ascra, kijiji ambacho mwenyewe alikilalamikia kwa baridi yake ya kipupwe na joto lake la kiangazi. Alikuwa na ndugu, Perses. Baba yao alipofariki waligawana urithi. Perses akajichukulia zaidi ya fungu lake, akawapa wakubwa zawadi ili wamwamulie yeye. Mambo haya ya mirathi na zawadi za chini ya meza hayakuanza kwetu.

Hesiod akaandika shairi refu la kumwonya ndugu yake, na humo anasema kwamba Eris duniani hawako mmoja, wako wawili. Mmoja ni mbaya, huleta vita na mashtaka, humwondoa mtu shambani na kumkalisha barazani kusikiliza kesi za watu wakati mvua zinanyesha. Mwingine ni mzuri. Huyu humfanya mvivu amwone jirani yake kalima, kapanda, nyumba yake kaitengeneza, naye aone haya, achukue jembe. Yaani ushindani. Mafundi wa kazi moja nao wanashindana hivyo hivyo, na kazi zao zinakuwa bora.

Ukiangalia habari za wataalamu wetu wa nyota, utawaona Eris wote wawili. Yule wa kugombania nani kavumbua alikuwapo. Na yule wa kumfanya mtu akafungue kabati, azitazame upya picha za mwaka uliopita, naye alikuwapo.

BINTI YAKE

Hesiod anataja pia watoto wa Eris: Taabu, Njaa, Uongo, Mauaji na wengineo. Mmoja wao ni Dysnomia, maana yake uvunjaji wa sheria. Mwezi Septemba 2005, kwa darubini kubwa ya Keck huko Hawaii, ulionekana mwezi mdogo unaoizunguka Eris. Ukapewa jina la Dysnomia. (Kulikuwa na utani ndani yake: yule mwigizaji wa Xena ukoo wake ni Lawless, neno la Kiingereza lenye maana hiyo hiyo.)

Mwezi huo si pambo tu, una faida. Ukizungusha jiwe kwa kombeo, mkono wako unapaswa kuvuta ili jiwe lisiruke. Vile vile Eris inauvuta mwezi wake. Kwa kupima umbali wa mwezi huo na siku unazotumia kuizunguka Eris, ambazo ni karibu 16, wataalamu waliweza kujua nguvu ya mvuto, na kwa hiyo uzito wa Eris. Wakaona kwamba Eris ni nzito kuliko Pluto, zaidi ya robo ya uzito wa Pluto juu yake.

Ukubwa je? Huo ulipatikana kwa kivuli. Tarehe 6 Novemba 2010 Eris ilipita mbele ya nyota moja ndogo, na watu waliokuwa na darubini nchini Chile waliiona nyota ikizimika kisha ikawaka tena. Ni kama mtu apitaye gizani mbele ya taa ya mbali: humwoni, lakini taa inapotea, na ukijua mwendo wake unaweza kukadiria unene wake. Hesabu ikatoa upana wa kilomita 2,326. Mwaka 2015 chombo cha New Horizons kilifika Pluto baada ya safari ya miaka tisa na nusu, kikapima: kilomita 2,377.

Kumbe basi Pluto ndiyo pana zaidi, kwa kilomita kama hamsini! Ile hoja iliyoanzisha kesi, kwamba gimba jipya ni kubwa kuliko Pluto, haikuwa sahihi kwa upana, ilikuwa sahihi kwa uzito tu. Hukumu haikubadilika, maana ile sharti ya kusafisha njia haitazami upana. Lakini wapenzi wa Pluto wana la kusema mpaka leo.

Hakuna chombo kilichokwisha kutumwa Eris. Tunachokijua chote kimetoka katika mwanga dhaifu unaofika kwenye darubini zetu. Kwa macho haionekani, wala kwa darubini ya kawaida. Ila mahali pake panajulikana. Kwa miaka hii Eris iko katika kundi la nyota liitwalo Nyangumi, karibu kabisa na mstari wa mbingu ulio juu ya Ikweta. Kwa hiyo sisi wa Afrika Mashariki tunaipata vizuri. Mwezi wa Oktoba, usiku wa manane, ukitoka nje na kutazama juu moja kwa moja, karibu na utosi wako, unatazama upande ilipo.